Nyonga ya Chuma na Gauni la Pacha Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amekubali! Napanda ndege! Nimetoka chumbani kwake nataka kukimbia — mimi, mwenye nyonga mpya na gongo mkononi. Nesi kanidaka bega: mama, taratibu, hiyo nyonga hatukukupa ya maonyesho.

Masharti yako kibao. Nisikunje nne. Nisibebe mzigo mzito. Ndani ya ndege nisimame nitembeetembee, damu isigande. Nivae zile soksi za kubana, ambazo kuzivaa ni sawa na kumvalisha paka suruali. Nimeitikia yote. Angesema nisafiri nimesimama mwanzo mwisho, ningeitikia pia. Kanipa na kadi ya hospitali ya kuonyesha kwenye ukaguzi, maana mashine lazima ilie. Chuma ni chuma.

Pacha wangu anaolewa Jumamosi. Kwa umri wetu huu! Na si kwamba bwana hakuwepo. Fundi saa wa watu kangoja mpaka mvi zimemshuka kwenye ndevu. Mwenzangu ndiye kila siku ana lake: kwanza kazi, halafu paa linavuja, halafu nyonga yangu. Kwa kutafuta sababu hajambo! Nisipofika Ijumaa atapata nyingine, na safari hii sidhani kama fundi saa atavumilia. Kwa hiyo nitafika. Hata kwa kutambaa.

Mzee, mume wangu, anasema atabaki kulinda nyumba. Nyumba gani! Anaogopa ndege, basi tu.

Jumatano, 5 Machi

Gauni limeniumbua.

Tangu tuko wasichana sijawahi kumpima pacha wangu. Najipima mwenyewe. Bega langu bega lake, kiuno changu kiuno chake. Nashona, natuma, linamkaa kama kamwagiwa. Wateja wengine napima na kupima tena na bado wananirudishia, yeye hata siku moja.

Leo nimelivaa mbele ya kioo, jirani kapiga magoti kunibandikia pini kwenye pindo. Karudi nyuma, katazama, kasema mbona limepanda upande mmoja. Nikamwambia yaliyopanda ni macho yako. Akachomoa, akabandika upya. Upande ule ule! Tumelivuta, tumelishusha, wapi. Ndipo ikaniingia akilini. Gauni halina kosa. Nyonga mpya imeninyanyua kidogo, nasimama kama meza iliyowekewa kipande cha boksi mguuni.

Tumecheka mpaka jirani kakaa chini. Alipoondoka sikucheka tena. Miaka yote hiyo mwili wangu ndio kipimo chake, na leo si kipimo tena. Nimesikia vibaya, kwa nini nifiche.

Basi. Nimeamua pindo libaki na pini zake, nitalimalizia huko huko akiwa amelivaa. Itabidi asimame mbele yangu nimzunguke. Na atasimama tu! Nani ataahirisha harusi akiwa amezungukwa na pini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimejishonea nguo ya safari isiyo na chuma hata chembe! Sketi ya mpira kiunoni. Blauzi ya vifungo vya mbao. Viatu vya kuchomeka. Pete nimemvisha mzee kwenye kidole kidogo, imekwama, atajua mwenyewe. Hata sidiria nimeitoa waya! Mashine ikilia, ilie kwa nyonga peke yake. Jirani kauliza naenda harusini au naenda kutoroka jela.

Pacha wangu kapiga simu jioni. Sauti chini. Kaniuliza kama bado nina maumivu. Kama safari haitanichosha. Kama si afadhali tusogeze mbele kidogo, mpaka nipone vizuri. Nikamwambia thubutu! Nikakata simu kabla hajapata nguvu ya kuendelea.

Sipati usingizi. Kesho, kesho, kesho!

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa uwanja wa ndege, kwenye kiti cha magurudumu, ndani ya kijichumba chenye pazia la kijivu. Nicheke au nikasirike, sijui. Wamenishika!

Nianze mwanzo. Mzee kanisindikiza mpaka mlangoni, kanikabidhi kwa msukuma kiti, kasema niwasalimie mawingu. Machozi yamemlengalenga, kajifanya anatafuta ufunguo wa gari. Foleni ya ukaguzi ndefu, lakini mwenye kiti hapangi foleni. Raha! Nimepita mbele ya watu kama malkia, begi la gauni mapajani.

Gongo likaenda kwenye mkanda. Begi likaenda kwenye mkanda. Mimi nikaambiwa nikiweza nisimame, nipite mlangoni polepole. Nikapita. Mashine ikalia! Nami kadi ninayo mkononi tayari, nimeinyanyua juu kama refa. Nyonga! nikasema. Nyonga mpya! Nusu ya foleni ikageuka kunitazama nyonga.

Mkaguzi ni mama mmoja mnene, mpole, glavu mkononi. Kapitisha kile kifimbo chao. Kwenye nyonga kikalia. Sawa, mama, pole sana. Kwenye magoti kimya. Tumboni kimya. Kifuani — kikalia! Akarudia. Kikalia. Akanisogelea sikioni, akaniuliza kwa heshima zote kama na huko nilifanyiwa upasuaji.

Nikamwambia kifimbo chako kimeharibika, mimi hata waya wa sidiria nimetoa. Nimesema kwa sauti, jamani. Mwanamume wa nyuma yangu kajikohoza.

Kanileta humu kwenye pazia. Kageuza ukingo wa blauzi yangu kwa ndani. Pini! Zimejipanga foleni kuliko abiria!

Asubuhi, kabla gari halijawashwa, nililitoa gauni nikalitazama mara ya mwisho, nikaona sehemu inavuta, nikachomoa pini hapa na pale nizibandike vizuri. Na pini nikichomoa huwa naziweka wapi? Kifuani kwangu. Maisha yangu yote ya ufundi naziweka kifuani, mkono unaenda wenyewe wala hauniulizi. Nimetoa waya, nimevua pete, nimetafuta vifungo vya mbao mji mzima, kisha nimejitia chuma kwa mkono wangu!

Mkaguzi kacheka mpaka kashika ukuta. Kazichomoa moja moja kwenye trei. Nikadhani yameisha. Mara mwenzake kachungulia pazia, begi mkononi: begi la huyu mama linatisha kwenye skrini. Gauni zima limezungukwa na vitu vyenye ncha. Nimeeleza. Harusi, kesho, pacha, pindo. Mkaguzi kasema yeye ameelewa, ila uamuzi ni wa bosi. Huenda zikatolewa zote. Nimemwambia mwanangu, ukizitoa hizo umenirudisha nilikotoka. Kasema ngoja nikakusemee. Kaondoka na gauni langu mikononi, kalibeba vizuri, nimeona, kama mtoto aliyelala.

Nangoja. Nyonga inauma sasa, nimesimama sana. Wameanza kuita abiria wa ndege yangu.

—

Pacha wangu kapiga simu! Umefika wapi? Nikamweleza yote mbio mbio, pini, gauni kwa bosi, ndege inaita, huenda nikaachwa, na nyingine leo hakuna. Kisha nikamngojea aseme basi tusogeze mbele. Jibu ninalo mdomoni, kali, nimelinoa tangu jana.

Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: pole mwenzangu, jitahidi uje. Lakini usipofika, mimi kesho naolewa. Nimeshamwambia bwana hivyo. Nitavaa hata gauni la dukani.

La dukani!

Nimelia. Nimefurahi, na imenichoma, humu hasomi mtu, niseme. Nilidhani nampelekea gauni na ujasiri kwenye begi moja. Kumbe ujasiri anao. Kaupata wapi, lini, bila kunipitia mimi? Nilitaka kumuuliza, nikajikuta nasema kwa nguvu: olewa! Olewa tu, usinisubiri!

Sasa hanihitaji ili aolewe. Na mimi nataka kufika kuliko jana, kuliko asubuhi. Sitaki kumsukuma. Nataka kumwona akienda mwenyewe. Ee Mungu, nifike.

Wanaita abiria wa mwisho. Wametaja jina langu, wamelikosea, lakini ni langu. Nasikia viatu vya mkaguzi, anakuja mbio, na sauti ya mwanamume nyuma yake, bila shaka bosi. Gauni naliona chini ya pazia, jeupe, kama lina pini au halina sijui. Ananiita: mama, msukuma kiti haonekani, unaweza kutembea?

Gongo langu liko bado kwenye mkanda. Naweza, nafunga daftari, natembea!