Kwako Mama Philomena, Uliyekuwa Ukibisha kwa Wimbo

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya mvua uliyotutoka, na bado kuna watu pale kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wanaouliza kama leo kuna wali. Wageni hao, hawajui. Wenyeji huwanyamazisha kwa jicho, kisha wanakula mihogo ya kuchoma na kurudi kwenye mawe yao.

Tunakuandikia sisi wanao, Salome, Wiliam na Juliana, lakini habari tuliyo nayo ni ya Baba. Sisi tuna kazi zetu na watoto wetu, tunalia tukipata nafasi. Yeye amebaki peke yake kwenye nyumba ile mliyoijenga pamoja, na upweke wake tumeuona kwa macho.

Kwanza tukukumbuke kama ulivyokuwa. Ulitoka Shinyanga ukiwa mwali na kitenge kimoja, ukamfuata Baba, Januari Maganga, huku kwenye dhahabu, na dhahabu yenyewe hakuipata. Wewe ndiye uliyeipata, ndani ya sufuria. Ulipikia wachimbaji wanaotoka duarani, chini ya mashimo, na wasagaji wa mawe kwenye karasha, na aliyekosa cha kulipia alikula na kuambiwa, "Utakumbuka mwenyewe." Ulimpa kila mmoja kipande cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, atafune njiani. Ulikuwa na maneno makali na mkono laini, na waliokuogopa ndio waliokuja wengi zaidi kukuzika.

Ulimpenda Mungu bila kumwogopa sana. Ulisali rozari huku ukichambua mchele, na ukikuta jiwe ulisema "Ee!" katikati ya Salamu Maria na kuendelea. Uligombana naye mvua ilipokawia, ukapatana naye ilipokuja. Kwenye jumuiya walikupa zamu ya kuombea wagonjwa kwa sababu uliwataja kwa majina yao ya utani, ukisema majina ya ubatizo Mungu anayajua tayari.

Na muziki! Ulipenda nyimbo za taratibu za sauti nne. Kinanda cha umeme kilipoletwa kanisani ulisema kinakimbia kama kimeacha chungu motoni. Nyumbani redio yako ndogo, ile uliyoipiga kofi ili ishike stesheni, ilikuwa haichagui. Jumapili kwaya, siku nyingine dansi la zamani. Baba alipokukebehi kwamba mwanakwaya anatikisa mabega kwa gitaa la baa, ulimjibu kwamba mabega nayo yameumbwa.

Lakini wimbo wako ulikuwa mmoja. Aliutunga katekista wa zamani, aliyekwisha kufariki, na haukuwahi kutoka nje ya parokia yetu. Sauti ya kwanza huanza peke yake, na sauti ya kwanza ulikuwa wewe: "Nifungulie, nimechelewa njiani, giza limenikuta." Kisha sauti ya nne hujibu kutoka chini: "Ingia, ingia, mlango u wazi." Sauti ya nne alikuwa Baba. Yule katekista aliwafundisha wanaume wa besi kwamba besi hangoji kusikia. Anahesabu kimoyomoyo sehemu ya wenzake, na zamu yake ikifika anaingia, hata ngoma zikiwa zimemziba masikio.

Mkauchukua wimbo huo mkaupeleka nyumbani. Wachimbaji hula wakiwa wamechelewa, kwa hiyo nawe ulirudi giza likiwa limeshuka, wakati Baba keshafunga mlango kwa kuogopa vibaka. Hukuwahi kubisha hodi. Ulisimama nje na masufuria yako ukaimba, "Nifungulie, nimechelewa njiani." Naye kutoka ndani, bila kuinuka kwanza, alijibu kwa besi lake zito kwamba mlango u wazi, huku sisi sote tukisikia komeo likikwaruza.

"Muongo wewe!" ulikuwa ukimwambia. "Mlango u wazi, na komeo nalisikia?"

"Huo ni wimbo, Mama Salome. Komeo halikuandikwa."

Utani huo mliurudia kila siku na haukuwachosha. Jirani yetu Masudi, mwenye duka, alifunga duka kwa saa hiyo. Akisikia sauti yako alisema, "Mama Salome karudi, tufunge jamani." Siku hizi anatuambia hajui hata afunge saa ngapi, anajikuta amekaa tu na taa inawaka.

Siku ya mazishi yako lilitokea jambo ambalo watu walilielewa vibaya, na sisi hatukuwa na nguvu ya kuwaeleza. Sanduku lilipokwisha kushushwa, Eustace, mwalimu wa kwaya, alisema, "Tumsindikize kwa wimbo wake." Akainua mkono. Wanawake wa sauti ya kwanza wakatazamana. Wimbo ule ulianzishwa na wewe siku zote, na kila mmoja alidhani mwenzake ataanza. Hakuna aliyeanza. Mkono wa Eustace ukabaki hewani.

Baba alikuwa amesimama na udongo kiganjani. Alikuwa akihesabu, Mama. Alihesabu sehemu yako yote kichwani kama alivyoihesabu tangu ujana wake, na zamu yake ilipofika akaingia kwa sauti kamili: "Ingia, ingia, mlango u wazi."

Peke yake. Makaburini pale, bila mtu aliyemwomba kufunguliwa. Akina mama walipiga yowe. Tukasikia nyuma yetu mtu akisema mzee wa watu uchungu umempanda kichwani. Na yeye alisikia. Akatupa udongo wake, akajipangusa mkono kwenye suruali, na hajaimba tena kanisani hadi leo.

Alihamia misa ya kwanza, ile isiyo na kwaya, ambako watu huimba nusu wamelala. Hukaa ukingoni mwa benchi la mwisho. Nafasi iliyo kando yake huiwekea kofia, na mtu akitaka kukaa anaiondoa kofia bila neno, kisha anaishika mikononi misa nzima kama mtu anayengoja kuitwa.

Na nyumbani aliacha kufunga mlango. Tulidhani ni kusahau kwa wazee. Mwizi naye hakusahau, aliingia akachukua redio yako. Wiliam alipopata habari alikuja kutoka kazini kwake upande wa Bulyanhulu na komeo jipya la chuma, akalifunga kwa misumari mirefu, akampigia Baba kelele kidogo, kama tunavyowapigia kelele wale tunaowahofia.

"Baba, watarudi. Hawataishia kwenye redio."

"Komeo zuri. Wabeja, asante mwanangu."

"Sasa utafunga?"

Baba alilitazama komeo lile kwa muda. "Najua amekufa, Wiliam. Nimemzika mimi. Lakini mkono ukifika hapo unakataa. Nikiufunga, ni kama namwambia yeye asirudi."

Wiliam alilala siku mbili hapo nyumbani akifunga mlango mwenyewe, na alipoondoka ukabaki wazi kama kwanza. Salome naye alimbembeleza wakaishi wote Kolandoto, anakofanya kazi ya uuguzi, ambako kuna wajukuu na kelele za kutosha. Baba alikataa kwa upole. "Nikienda huko, hapa ataitikia nani?" Salome alitusimulia hayo kwenye simu akilia, na sisi tukalia kila mtu na simu yake.

Usidhani imani imemtoka. Anasali. Ila ana swali moja, na siku moja alimuuliza Katekista Stanslaus alipokuja kumjulia hali.

"Katekista, huko mbinguni wanawapanga watu kwa sauti?"

"Mzee wangu, Maandiko yanasema wanaimba. Hayasemi kwa sauti ngapi."

"Kwa sababu kama wote wanaimba sauti moja, na ni umati kama tunavyoambiwa, mimi nitampataje?"

Katekista alishika kikombe chake cha uji akakizungusha. "Hilo silijui, mzee." Wakanywa uji. Baba alituambia baadaye kwamba amempenda sana katekista yule, maana wengine wote waliofika walikuwa na majibu.

Misa yako ya mwaka tuliitanguliza hadi Jumamosi iliyopita, kwa kuwa padri ana vigango vingi. Tulikuja wote. Eustace alimfuata Baba nje ya kanisa, akamwambia kwaya imejiandaa kuimba wimbo wako, na Asteria, binti mwenye sauti nzuri kuliko wote sasa, ataanzisha. Baba alimshika Asteria mkono.

"Unaimba vizuri, mayu. Ninakusikia hata nikiwa nyumbani. Lakini sauti ile ina mwenyewe."

Asteria hakukasirika. Waliimba wimbo mwingine, mzuri tu, na kinanda kilikimbia kama kawaida yake. Baba alikaa ukingoni mwa benchi na kofia yake. Ungeona mabega yake yalivyoshuka, ungemfinya.

Kisha tukaenda makaburini kubariki kaburi lako. Tumelijengea, Mama, kwa saruji na msalaba wenye jina lako lote. Sisi tulikuwa tunaona fahari, tumejichanga na fundi kafanya kazi safi. Baba alipiga magoti akaligonga kwa vifundo vya vidole, huku na huku, kama mtu anayesikiliza kama kuna ufa.

"Limeshikana," alisema.

"Ndiyo, Baba. Halitabomoka," akajibu Salome.

"Hapa hakuna komeo." Alilaza kiganja juu ya saruji, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke akalia mbele za watu, bila kujificha. Tulimwacha. Alipomaliza alisema amechoka, akaomba aende nyumbani, sisi tubaki kuwahudumia wageni kwa chakula kwenye uwanja wa kanisa. Hakutaka kusindikizwa.

Wageni walikula wakatosheka. Wachimbaji walikuja na nguo zao zenye vumbi la mawe, na mmoja aliacha debe la mchele mlangoni kwa katekista akisema amekumbuka mwenyewe. Tuliosha vyombo, tukarudi nyumbani jua likiwa limezama, masufuria vichwani. Juliana alikuwa mbele. Alisukuma mlango kwa bega kama tulivyozoea mwaka mzima, akagonga uso.

Ulikuwa umefungwa.

"Baba!" Hakuna jibu. Wiliam akagonga kwa ngumi. "Baba, ni sisi! Fungua!" Kimya. Masudi alitoka dukani kwake akasema, "Ameingia zamani. Sijamwona akitoka." Hapo ndipo hofu ilipotushika. Mzee mwenye huzuni, amejifungia, haitiki. Juliana alianza kulia kwa sauti. Wiliam alirudi nyuma avunje mlango, na kwa misumari ile aliyoipigilia mwenyewe hatujui nani angevunjika kwanza.

Salome ndiye aliyemzuia. Alitua sufuria chini. Unamjua Salome, wimbo haumkai, kanisani anafungua mdomo tu. Alifunga macho, akaimba kwa sauti inayotetemeka, "Nifungulie, nimechelewa njiani, giza limenikuta."

Tusamehe, Mama, tuliiazima sauti yako.

Masudi alisimama bila kutikisika. Na ndani, kutoka chini kabisa, taratibu, ikaja: "Ingia, ingia, mlango u wazi." Komeo likakwaruza. Juliana, machozi yakimtiririka, akasema, "Muongo," akacheka.

Baba alifungua. Hakututazama sisi. Aliangalia juu ya vichwa vyetu, hadi kule kwenye njia ya karasha, akaiangalia njia ile mpaka akatosheka. Haikuwa na mtu. Tukaelewa kwamba alikuwa amefunga ili aimbiwe. Mwishowe akatushushia macho, mmoja mmoja.

"Kumbe ni ninyi," akasema. "Haya, ingieni, wanangu. Ingieni wote."

Tuliingia. Alishika sufuria la Salome akaliweka pale ulipokuwa ukiliweka wewe. Kisha akarudi mlangoni, akasimama kidogo, akasukuma komeo kwa mkono wake mwenyewe. Hatukumwambia afunge.

Anaufunga kila siku tangu hapo, Masudi ametuhakikishia. Kwenda Kolandoto bado amekataa. Kurudi kwenye kwaya hajasema. Nyumba bado ni kubwa kwa mtu mmoja, na tukimpigia simu jioni tunasikia kimya kilicho nyuma yake. Hatukudanganyi kwamba amepona.

Wanaokukumbuka ni mumeo Januari Maganga, wanao Salome, Wiliam na Juliana pamoja na wenzi wao, wajukuu zako wote, ndugu zako wa Shinyanga, Eustace na wanakwaya, Katekista Stanslaus na wanajumuiya, jirani yako Masudi na nyumba yake, na wachimbaji uliowalisha, ambao majina yao ya utani wewe na Mungu mnayajua.

Utakuwa mioyoni mwetu siku zote tutakazojaliwa kuishi. Ila kuna jambo moja ulijue, Mama. Mlango wako sasa unafungwa. Ukija, imba.