Besi ya Nyuzi Tatu

Jumapili, 2 Machi

Wote wanaisimulia vibaya. Wote!

Leo tena. Nimekaa kwa kinyozi nasubiri zamu, redio ikapiga wimbo wetu wa zamani, na kinyozi — ambaye siku tunarekodi hata baba yake hajaota ndevu — anamweleza mteja eti wimbo ule hauna besi. Eti mpiga besi aligombana na kiongozi wa bendi, akatoka nje kuvuta sigara, wakarekodi bila yeye. Eti kile kinachosikika chini ni ngoma.

Uongo mtupu! Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba vyombo vya bendi nzima, mimi ndiye niliyekaa mlangoni mwa studio kufukuza kuku wasiingie kurekodiwa. Mpiga besi alikuwa ndani. Na si ndani tu. Wimbo haujakolea, uzi mnene wa gita lake ukakatika — paa! — ukamchapa kidevuni. Kasimama? Hakusimama. Wimbo mzima kaupiga kwa nyuzi tatu zilizobaki. Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Nyuzi Tatu. Jina nimempa mimi.

Nikawaambia hivyohivyo. Kinyozi kacheka mpaka mashine ikamteleza. Mteja katoka na kijia kichwani. Shauri yao.

Jumatatu, 3 Machi

Kama vile alijua namsema. Nyuzi Tatu kapiga simu.

Mkono wa kushoto bado. Tangu kile kiharusi haushiki hata kikombe. Binti yake kaja na familia kumchukua akakae naye, mbali huko, wanasafiri Jumapili ya tarehe 16. Nikamwambia hongera, utakula bila kupika. Hakucheka. Mtu niliyemchekesha miaka yote hiyo!

Kumbe tatizo ni mkwe wake. Mkwe kausikiliza wimbo kwenye simu, kwenye kile kispika chenye tundu la sindano, halafu kamwambia mzee wa watu mbele ya wajukuu: "Baba, mbona humu hakuna besi? Labda wewe ulikuwa unabeba vyombo tu."

Kubeba vyombo! Hiyo ilikuwa kazi YANGU. Kawatukana wazee wawili kwa pumzi moja.

Nyuzi Tatu anasema anakwenda kuishi nyumba ambayo wanamwona mwongo. Kaniita kwa jina langu la enzi za bendi: "Mitambo, gita siwezi tena. Nataka nijisikie mara moja tu. Na huyu asikie."

Nikamwambia, mlete Jumamosi ya tarehe 15, kabla hamjasafiri. Njooni kwangu. Mimi nina sabufa kubwa, itawatoa vumbi masikioni.

Sabufa nilikuwa sina.

Jumanne, 4 Machi

Sasa ninayo. Mpwa wangu kanunua mpya, hii ya zamani alikuwa anawekea viatu juu. Nimevisifia viatu vyake kwanza, halafu nikaiomba. Bado inanuka soksi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiweka kona ya sebule. Kila mtu huweka kona. Nikaunganisha kwenye redio yangu, nikaweka kaseti ya wimbo, nikakaa kwenye kiti kama waziri.

Loh!

Nyumba yetu ni ya ghorofa, na sakafu ya juu ni mbao tupu. Mbao zikashika moto — namaanisha kwa kelele. Vuuuuuu! Vikombe kabatini vinagongana meno. Picha ya mama mkwe imegeuka ukutani (hapo sikusikitika sana). Lakini besi yenyewe? Sauti moja tu. Noti ipande, ishuke, vuuu. Hujui gita, hujui ngoma, hujui nyuki.

Mlango ukagongwa. Fundi cherehani wa chini.

"Shikamoo mzee. Kuna lori huko juu?"

"Marahaba. Huo ni muziki."

"Wa nani?"

"Wa watu wenye masikio."

Kasema masikio anayo, ila vumbi la dari linamwangukia juu ya suti ya mteja, na sindano inashona inapotaka yenyewe. Kijana ana ulimi huyu. Ningekuwa na binti mwingine ningemfikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Mkeka chini yake. Vuuu. Blanketi. Vuuu. Blanketi na mkeka. Vuuu yenye joto.

Mama watoto kapita na ndoo. Kavua ndala, kaweka unyayo kwenye ubao. Kaniuliza, "Hivi hapa kinachoimba ni hilo sanduku au ni sakafu?"

Nikamwambia aendelee na shughuli zake.

Halafu nimekaa nikafikiri. Nimegundua jambo kubwa sana: sakafu ndiyo inayoimba! Sabufa inatikisa mbao, mbao zinakuwa ngoma, ngoma inameza besi. Kwenye sakafu ya saruji usingeyaona mambo haya. Nimeligundua mimi. Yeye alilisema, lakini aliyeligundua ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo skrubu. Kila ubao uliolia nilipoukanyaga nimeubana mpaka kwenye boriti. Magoti yangu yanalia kuliko mbao, hayo hayana skrubu.

Imepungua. Ila bado. Silali vizuri, naota vuuu.

Jumamosi, 8 Machi

Zege! Kama sakafu si ya zege, mpe sabufa kizege chake mwenyewe akalie.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kile kifuniko cha mtaro, kipana, kizito kama deni la ndugu. Nimekipandisha ngazi peke yangu, umri huu. Peke yangu kabisa. Fundi cherehani alisaidia upande mmoja. Ule mzito.

Chini ya zege nimeweka kipande cha godoro la sponji, na chini ya sponji vipande vya ndala, ili mtikisiko ufie humo kabla haujafika kwenye mbao. Juu ya zege, sabufa. Inaonekana kama kaburi la tajiri.

Vikombe — kimya! Picha ya mama mkwe — imetulia, inanitazama.

Mama watoto anatafuta ndala zake. Nimemwambia aangalie vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Kaziona. Tuyaache hayo.

Besi sasa haitikisi, lakini pale kwenye kiti bado imevimba. Noti nyingine kubwa, nyingine zimepotea. Hapo nikakumbuka enzi zangu ukumbini. Nani alikuwa anajua pa kuweka spika? Mimi! Ulikuwa unaiweka spika pale atakapokaa msikilizaji, halafu wewe unazunguka. Unapoisikia vizuri, hapo ndipo mahali pake. Viongozi wa bendi walikuwa wanakuja kuniuliza. Mmoja alikuja.

Nikapandisha sabufa kwenye kiti changu, nikaweka wimbo, nikaanza kutambaa. Mikono na magoti, sikio chini, ukuta kwa ukuta.

Mama watoto kasimama mlangoni.

"Umepoteza nini, mzee?"

"Besi."

"Ukiipata itafute na akili, zilikuwa pamoja."

Nimeipata! Karibu na mlango, mbali na kona, penye boriti chini. Nikarudisha zege, sponji, ndala (marehemu), sabufa juu, sauti nikaipunguza. Nikakaa.

Jamani.

Gita! Gita la besi, linatembea na miguu yake! Kila noti inaingia, inasalimia, inatoka. Yule bwana yumo! Yumo mwanzo mpaka mwisho, hakwenda kuvuta sigara wala nini! Nimemshika mama watoto mkono tukacheza hapohapo, yeye ana mwiko mkononi, mimi magoti yametoboka. Kinyozi aje! Mkwe aje!

Nimempigia Nyuzi Tatu. Nikamwambia, nimekusikia. Kasema, "Kweli?" Hivyo tu. Kama mtoto.

Jumanne, 11 Machi

Nimeusikiliza tena asubuhi, peke yangu, kwa raha zangu. Chai pembeni.

Chai imepoa.

Uzi mnene upo.

Ule mnene kabisa, ambao sauti yake ni kama mtu mzito anayekohoa chumba cha pili. Naujua, nilikuwa naubadilisha mimi kwa mikono yangu. Upo mwanzo. Upo katikati. Wimbo unakwisha, bado upo, unakohoa.

Sasa kama ulikatika mwanzoni, anayekohoa ni nani?

Jumatano, 12 Machi

Labda alilegeza uzi mwingine, ukashuka. Mpiga besi hodari anaweza.

Labda walirekodi mara mbili. Uzi ulikatika ile ya kwanza.

Labda kaseti imechakaa. Kaseti ikizeeka inanenepa, kama watu.

Nimetembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu. Nimepita kwa kinyozi, sikuingia.

Alhamisi, 13 Machi

Nyuzi Tatu kapiga tena. Yuko na furaha, anaongea kama zamani. Kasema wajukuu wamekaa naye jana, kawasimulia yote: uzi, paa!, kidevu, nyuzi tatu. Kasema mdogo kabisa kamwomba arudie pale kwenye paa. "Nimewaambia Jumamosi nakwenda kujisikia ninavyozipiga zile tatu."

Nikasema, ndiyo, ndiyo. Nikasingizia mlango unagongwa.

Anaisimulia vizuri kuliko mimi. Kaongeza na damu.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kukaa, sitaki kusimama.

Nimewaza hivi. Nikiiacha hapa ilipo, mkwe atasikia kuwa baba mkwe wake yumo. Safi. Lakini mwenyewe naye atasikia nyuzi zote nne, na yule ana masikio, mkono ndio umekufa, masikio hayajafa. Nikiirudisha kona, sakafu itavuma, uzi mnene utapotelea humo, hadithi itabaki. Lakini mkwe naye atasema, si niliwaambia? Ni ngoma tu.

Nikaikumbatia sabufa nikaanza kuiburuta kuelekea kona.

"Unafanya nini?" Mama watoto huyo.

"Naijaribu upande ule."

"Wiki nzima umebana mbao, umekata ndala zangu, umemvunja kijana wa watu mgongo kwa zege lako, ili isivume. Leo unataka ivume?"

Nikamwambia mambo ya sauti ni marefu.

Kaniangalia. Miaka mingi nimeoa macho yale. Kasema pole pole, "Mzee. Unaogopa nini kwenye wimbo ule?"

Nikamwambia siogopi kitu. Nikairudisha karibu na mlango. Baadaye alipokwenda bafuni nikaipeleka kona. Halafu nikairudisha tena. Fundi cherehani kagonga dari kwa fimbo, anauliza kama tunahama.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja. Wamo sebuleni sasa hivi. Naandika nimesimama jikoni, birika linachemka, nimesema nakuja na chai.

Kapanda ngazi taratibu, fimbo mkono wa kulia, mkwe nyuma yake kama anabeba yai. Kijana si mbaya. Kanisalimia kwa heshima, kasifia hata kaburi la tajiri, kaniuliza zege la nini, nikamweleza, kaelewa. Nilitaka awe mjinga, hakuwa.

Nimemweka Nyuzi Tatu kwenye kiti changu. Sabufa ipo karibu na mlango. Niliiacha hapo. Sijui nguvu niliipata wapi, labda nilichoka kuburuta.

Nikaweka wimbo.

Mkwe kainamisha kichwa. Mwanzo hakuna kitu usoni, halafu macho yakamtoka. Kasema, "Ipo! Baba, besi ipo! Ni wewe huyo?" Kashuka kwenye kiti, kapiga goti mbele ya mzee, kamshika ule mkono uliokufa, kasema, "Nisamehe baba. Nisamehe sana." Mama watoto kashika ukingo wa kanga. Mimi nikakohoa kwa sauti ili nisilie.

Lakini Nyuzi Tatu alikuwa hacheki wala halii. Kafumba macho. Vidole vya mkono mzima vinachezacheza juu ya goti, vinafuata. Wimbo ukaisha.

Kasema, "Rudia."

Nikarudia. Safari hii, kila uzi mnene ulipokohoa, kidole kimoja kiligonga goti. Tap. Tap. Mpaka mwisho.

Kafumbua macho, kaniangalia mimi. Si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Kasema, "Mitambo. Huu si ule mnene?"

Mkwe kacheka, hajaelewa. Kasema, "Ule uliokatika, baba?"

Nyuzi Tatu kainamia upande wangu. Kanieleza mimi, kwa sauti ndogo: "Unajua siku ile mimi nilipiga nimefumba macho. Wimbo wote. Uzi ulipokatika, wewe ndiye uliyeuona. Mimi kila nikiisimulia, naisimulia ulivyonihadithia wewe."

Wote watatu wakanigeukia. Hapo ndipo nikasema ngoja niwaletee chai.

Birika limechemka zamani. Nasikia mkwe anauliza kitu, na yule bwana anamwambia, mwache, anakuja.

Wameuweka tena. Besi inafika mpaka huku jikoni, safi kabisa, hakuna ubao unaolia. Kazi nzuri nimefanya, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Na alikuwa ndani, hakutoka kuvuta sigara, na kuku niliwafukuza kweli, hayo yote ni kweli tupu.

Ila uzi. Uzi haukukatika. Siku moja nilikuwa naisimulia, watu wakaanza kuinuka mezani, nikaukata.