Tovuti ya Chama Chetu cha Kuzikana

Bellevue,
Johannesburg.
16 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Mansour,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itawakuta wewe, mkeo na watoto mkiwa wazima, na kwamba kifua cha mama kimetulia. Kama hakijatulia usinifiche. Nilipompigia simu alisema hajambo, lakini yeye hata akiwa hoi kitandani husema hajambo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi imetukamata kweli, asubuhi bomba la uani linaganda, na watoto wanalala na soksi. Roho ndizo zenye taabu, na ndiyo sababu nimekaa nikuandikie badala ya kukutumia ujumbe wa sauti, ambao najua ungeusikiliza nusu.

Utacheka, maana shida yangu ni ya kazi yako. Chama chetu cha kuzikana kimeamua kuwa na tovuti. Mpaka sasa matangazo ya misiba yanapita kwenye kundi la simu, na mtu wetu ambaye hayumo kwenye kundi, akifiwa, hajui aanzie wapi. Kikao kikaniteua mimi, katibu, nichague mfumo wa kuiendesha, eti kwa kuwa nina mdogo wangu anayetengeneza tovuti za hoteli huko Tanga. Walidhani ufundi unaambukiza kama mafua.

Nimejaribu yote uliyoniambia. Ule mfumo wa bure, wa kujiwekea mwenyewe, ulinishinda mapema. Kila nikiingia unanidai nisasishe hiki na kile, na nikisasisha hiki, kile kinavunjika. Ule wa kulipia kila mwezi ni mwepesi, unaburuta picha unaiachia unapotaka, lakini kila kitu kinakaa kwao. Majina ya watu wetu, na wengine unajua makaratasi yao hayajakaa sawa, yakalale kwenye kompyuta ya nani? Niliuliza hivyo kikaoni, wakanirudishia mimi nikatafute jibu.

Lazima nikueleze hali ilivyo, maana kwenye simu huwa nakwambia mambo shwari. Siyo shwari. Kuna watu wanasimama kwenye milango ya kliniki wakidai vitambulisho, na asiye mwenyeji anarudishwa. Jirani yetu Célestine, yule Mkongo msusi, alirudishwa na mtoto wake mwenye homa mgongoni. Shemeji yako Ameir alikuwa kitongoji cha Alexandra ile Mei ya 2008 wageni walipokuwa wakipigwa na kuchomewa nyumba, akatoka kwa kuruka mabati. Sasa ameanza tena kulala na viatu kando ya godoro. Mimi natandika tu kitanda.

Kwa hiyo nilitaka tovuti isiyotaja nyumba ya mtu yeyote. Mzee Bakiri, mwenyekiti wetu, hakukubali. Alisema tangazo la msiba lisilosema watu wakae wapi si tangazo, ni uvumi. Na kweli, Mansour, tangu tuzaliwe umewahi kusikia fulani kafariki bila kuambiwa msiba upo kwa nani? Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Basi nikaanza kuujaribu ule mwepesi. Kiolezo chake kilikuwa na sehemu ya “Tupo wapi”, na hakikunipa nafasi ya kuiruka. Nikaandika nyumba yetu, nikidhani nahifadhi rasimu yangu tu, nitakuja kubadilisha. Namba ya simu niliiacha bila kujaza kwa kuogopa matapeli. Kumbe nilikuwa nimechapisha. Jina la chama, maneno “tunaosha, tunakafini, tunazika”, na ramani yenye alama nyekundu juu ya paa letu, vyote vilikuwa hadharani na mimi sina habari.

Jumamosi mchana akaja mwanamume getini. Mama mwenye nyumba, Mzulu, ambaye sote tunamwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao, akatoka kumsikiliza. Akarudi mbio jikoni kwangu akaninong'oneza, “Eish, Fauzia, kuna mtu anaongea Kizulu, anauliza wale wageni wenye tovuti. Mmefanya nini?”

Mansour, nilijua wametufikia. Nilikaa chini palepale sakafuni. Nikawavuta watoto kutoka dirishani, nikazima redio, nikamwomba Gogo aende akaseme hapa hakuna watu hao. Halafu nikashika simu, nikaufuta ule ukurasa wote. Kwa upenyo wa pazia nilimwona yule mtu bado amesimama, ameinamia simu yake, anatazama namba ya geti, anatazama simu tena. Nikasema moyoni, anawaita wenzake. Akakaa kitambo, kisha akashuka kuelekea roboti, zile taa za barabarani za pale kona. Siku hiyo Ameir aliporudi kutoka kazini tulifunga nguo kwenye mabegi.

Hakuna aliyekuja.

Ijumaa iliyofuata Mzee Bakiri alitoka msikitini na mgeni, akamleta nyumbani kunywa chai. Nilipoinua macho kumkaribisha, nililitua birika. Alikuwa yule yule wa getini. Akanisalimu kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, cha Muheza. Jina lake Karimu, anaishi Alexandra, anafanya kazi ya ulinzi. Ile Jumamosi mkewe alikuwa amefariki alfajiri hospitalini, naye hakuwa na ndugu mwanamke hata mmoja hapa wa kumwosha. Alitafuta kwenye simu kwa Kiswahili, akatuona sisi. Akapanda teksi na nauli ya kuazima, akafika.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuzungumza Kiswahili. Akanitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. Akasema, “Dada yangu, barabarani siku hizi nani atathubutu? Hata nikikanyagwa mguu nalia kwa Kizulu.”

Yeye alituogopa sisi, na sisi tukamwogopa yeye, na ukuta uliotutenga ni ule wa Gogo ambao hata watoto wanauruka. Alisema alipoambiwa hakuna watu hao alidhani amekosea nyumba, akafungua simu ahakikishe, na ukurasa haukuwepo. Akadhani ni uchovu wake. Mwishowe akina mama wa Kimalawi wa msikiti mwingine walimsaidia, Mungu awalipe. Alisimulia bila kinyongo, akasifu chai. Sikuweza kumwambia kwamba ni mimi niliyeufuta. Mzee Bakiri anajua, Ameir anajua, na sasa wewe.

Ninachokuomba ni hiki. Nichagulie mfumo wewe, nimechoka kupima. Usinitafutie wa kupendeza. Nataka ule ambao rasimu ni rasimu, ambao orodha ya wanachama ninaiona mimi na mwenyekiti tu, na mahali pa msiba anapewa mtu baada ya kuzungumza naye. Mbele, kwa herufi kubwa, weka Kiswahili na namba yangu ya simu. Matapeli wapige, wale wenye chuki nao wapige. Nitapokea. Usidhani nimekuwa jasiri, kila simu ikilia nachungulia kwanza pazia. Ila sitaki tena mtu wetu asimame nje ya mlango wangu ukurasa ukifutika mkononi mwake.

Msomee mama barua hii, lakini ruka ile habari ya mabegi. Msalimie sana, na shangazi Zaituni, na wifi yangu Rukia, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Ameir anakusalimu, watoto nao wanakusalimu kwa Kiswahili chao cha kuvunjika. Mungu awafunike kwa rehema zake, atukutanishe tukiwa hai na wazima.

Na mkisoma dua, mtajeni Mwatumu binti Shekue wa Muheza, mke wa Karimu. Uso wake sikuwahi kuuona. Jumamosi ile zamu ya kuosha ilikuwa yangu, na nilikuwa nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fauzia