Kunyolewa kwa Nekesa

Kitale, Jumapili

Mke wangu Rasoa, Mama Nekesa,

Nakusalimu sana, wewe na kila anayelala chini ya paa letu hapo Bokoli. Mtoto mchanga kikohozi kimemwachia? Na mguu wa mama, bado unavimba akitoka shambani? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo sitasema niko salama, maana nitakuwa nakudanganya tena, na uwongo nimeshakupa wa kutosha.

Naandika kwa herufi kubwa makusudi, ili usome mwenyewe polepole vile mlivyofundishwa kanisani. Tafadhali usimpe mwalimu akusomee. Na usiisome barua hii mbele ya dada yangu, senge ya watoto. Najua akisikia barua imetoka Kitale ataketi hapo mpaka jua liende. Mpe chai, mwache aende zake, ndipo uendelee kusoma.

Barua yako niliipata. Unauliza Nekesa sasa anatembea mpaka wapi. Unasema umemshonea gauni, na wadogo zake wamepigana juu ya nani atalala karibu naye akirudi, na ule mkeka wake uliokunjwa mwaka mzima na zaidi umeuanika. Nilisoma hapo kwa mkeka nikaiweka barua chini. Nikaenda kupiga randa mbao za bwana mpaka nyapara akaniuliza, "Wafula, wewe unatengeneza mlango ama unamaliza mti?"

Rasoa, Nekesa hatembei. Tangu tulipotoka kwa matanga ya baba, miguu yake yote miwili haisikii. Jumapili iliyopita sista alimchoma sindano kwenye unyayo, mimi nikiwa nimesimama hapo, na mtoto akaendelea kunywa uji.

Sasa nikuambie vile ilivyokuwa, maana ulikuwa jikoni na wale mama wa kanisa na hukuona yote. Nilipopata habari kwamba baba amekufa, nilienda kwa daktari kumwombea Nekesa ruhusa ya kutoka hospitalini. Alikataa. Nikarudi kesho yake, nikasimama hapo kwa mlango kofia mkononi, mpaka akanipa siku nne. Akaniambia mbele ya dresa, yule anayefunga wagonjwa vidonda, na dresa akarudia kwa Kiswahili nisije nikasema sikuelewa: alale juu ya ubao, asikalishwe, asisimamishwe, na lile ganda la plasta lisiguswe na mtu. Mgongo wake bado ulikuwa laini mahali ugonjwa ulipoula. Ilikuwa imebaki miezi minne tu plasta itolewe, Rasoa. Minne, baada ya mtoto kulala chali miezi kumi na tano akitazama mabati.

Siku ya kunyoa ikafika. Watoto wote wa boma wakapangwa, wajukuu wa marehemu, wembe ukapita kuwatoa kifo kichwani. Ilipofika zamu ya Nekesa, ami yangu alinyoa mbele, alipofika kisogoni akakwama. Si unajua ile plasta ilikuwa imemshika kutoka nyuma ya kichwa mpaka kiunoni. Senge akaanza. "Hii mtoto atabaki nusu? Ndugu yangu, hiyo kifo unataka akae nayo kichwani?" Wazee wakaniangalia. Ami akasema taratibu, "Wafula, si wewe ni fundi?"

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Ni kweli mimi ni fundi. Kila siku nafungua vitu na kuvifunga, na hakuna mtu anayejua vilikuwa wazi. Nikaona plasta ni kama kazi nyingine yoyote. Nikailowesha maji ya vuguvugu, nikachukua kisu changu, nikakata kutoka shingoni mpaka chini ya makwapa, pande zote mbili. Ndipo wewe ukatoka jikoni na mikono yako ya unga ukaniuliza, "Baba Nekesa, daktari amekubali?" Nikakujibu mbele ya watu wote kwamba amekubali. Uliniamini. Ulirudi kugeuza ugali.

Mambo ya baadaye uliyaona. Alinyolewa kisogo, akacheka kwa sababu upepo ulimpiga shingoni. Akakaa. Halafu akasema, "Baba, wacha nisimame," na mimi mjinga nikampa mkono. Alienda hatua tisa mpaka kwenye kaburi la babu yake. Mama wote wakapiga vigelegele, hata wewe, ukamwinua mtoto mchanga juu amwone dada yake. Nami nilijisikia mwanaume siku hiyo. Nilijiambia wazungu wanapenda tu kuweka watu kitandani.

Kesho yake nikairudisha plasta, nikaifunga na vitambaa. Tukapanda lori la mahindi kwa barabara ya Naitiri, na yale mashimo unayajua. Tulipokaribia Kitale akaniambia, "Baba, miguu yangu imelala." Nikamwambia itaamka.

Wodini dresa aliona ufa siku ile ile. Akaita sista, sista akaja moto. "Nani amevunja hii?" Nilifungua mdomo, Rasoa, nakuapia nilifungua. Lakini Nekesa akanitangulia. Akasema, "Ni mimi. Ilikuwa inawasha, nikaikwangua na kijiko." Sista akamgombeza vibaya sana, ati mtoto mkubwa wa miaka tisa, ati anaharibu kazi ya watu. Mimi nikasimama hapo kama gogo. Sista aliponiacha naye, Nekesa akaninong'oneza, "Usiseme, baba. Wakijua watakukataza kuja Jumapili."

Nami nikatii. Mtu mzima na ndevu zangu, nikajificha nyuma ya mtoto mgonjwa. Wiki tatu sasa. Naona haya hata kuandika.

Leo nimetoka kumwona. Nimeamua Jumanne naomba ruhusa kwa bwana, naenda kwa daktari kusema yote. Barua hii naiweka mpaka nijue atanijibu nini.

Jumatano

Nimeenda. Nilitegemea atanifukuza au aite askari. Hakupiga hata kelele. Alivua miwani, akaniuliza siku aliyosimama, na hatua ngapi, na lori lilichukua saa ngapi. Akaandika. Halafu akaniambia kwamba ufa wa kijiko usingelaza miguu, kwa hiyo yeye alidhani ugonjwa umepanda wenyewe, akaongeza sindano akangoja. Kama ningesema siku ile tuliporudi kwamba mtoto alisimama akatembea, wangejua mgongo umeshtuka, na wangemfunga saa ile ile. Nikamuuliza sasa je. Akasema watajaribu, lakini nisiwaambie watu wa nyumbani kwamba atatembea. Basi sikuambii.

Kitu kingine nilimuuliza ni kama nitakatazwa kuja Jumapili. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Kwa nini?" akasema. "Ni mtoto wako."

Rasoa, kukasirika una haki. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, lakini njoo umwone. Mtoto mchanga mbebe, wale wengine waachie mama. Hilo gauni usililete. Watamfunga plasta mpya mpaka juu ya nyonga, na halitaingia.

Mpe mama salamu zangu, na umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa jirani. Salimu ami, ukimwambia kazi ya fundi niliifanya kama alivyotaka. Hapana, futa hiyo, usimwambie hivyo. Salimu ami tu. Senge naye msalimu, na akianza kujilaumu mzuie. Kisu kilikuwa mkononi mwangu, na masikio yaliyosikia maneno ya daktari yalikuwa yangu peke yangu. Watoto wabusu. Mkeka ukunjeni tena.

Jana nilipotoka kwa daktari nilipita wodini. Nikamwambia Nekesa nimesema kila kitu, na hakuna anayenikataza kuja. Nilifikiri atafurahi. Akawa anaangalia kule chini miguu ilipo. Wiki tatu sista na dresa wamekuwa wakimwambia miguu ameiharibu mwenyewe, na mimi nimekaa hapo nikisikiliza.

Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo, baba, si mimi?"

Ni mimi mume wako,
Wafula