Sindano Aliyoichoma Paskalina

Jumanne, Dongobesh. Baridi na upepo tangu asubuhi. Mvua imetishia kutwa nzima, haijanyesha.

Leo nimeshinda kwenye chuo cha afya nikiangalia wanafunzi wakimwokoa mwanasesere. Ni mama aliyetoka kujifungua, anatokwa na damu, na wanafunzi wa uuguzi na utabibu wanatakiwa kuizuia kwa pamoja. Kundi moja limejifunza kazi hii ya timu darasani. La pili limejifunza kwa simu, kila mtu akiwa kwao.

Wa simu wakishindwa, hawaingii wodi ya wazazi. Wanarudia mafunzo muhula ujao.

Paskalina, wa uuguzi, ni wa kundi la simu. Alikuwa kijijini kwao, Dirma, akimuuguza mama yake. Vipindi alivisikiliza kilimani, nyuma ya zizi, maana nyumbani mtandao haufiki. Nilimkuta nje ya ukumbi amekunja mikono.

"Wenzetu wanatuita wauguzi wa bando," aliniambia. Hakucheka.

Nakiri kwamba kichwa cha habari nilishakiandika nikiwa kwenye basi: darasa limeshinda.

Kundi la darasani lilianza. Mikono myepesi, kila kifaa wanajua kilipo. Emanueli, wa utabibu, ndiye mkubwa wao kwa umri na ndiye aliyeongoza. "Sindano ya kuzuia damu," aliagiza.

"Sawa, kaka," waliitikia wote, kwa heshima kabisa.

Sindano haikuchomwa. Kila mmoja alidhani anachoma mwenzake, na hakuna aliyetaka kumuuliza mkubwa mara mbili.

Wa simu wakaingia, Emanueli akiongoza tena ili mtihani uwe ule ule. Walianza vibaya. Waligongana mezani, dripu wakaitafuta kwenye kabati la mashuka. Kisha likaja agizo lile lile.

"Sindano ya kuzuia damu, nachoma mimi, Paskalina." Halafu: "Kaka, nimeshachoma."

Wa darasani wakaangua kicheko. "Dada, hapa mtandao upo!"

Hakugeuka. Huko kilimani sauti zilikuwa zinakatika, hivyo kundi lao lilizoea kurudia kila agizo na kutaja nani analitekeleza. Halikuwa somo. Ilikuwa shida tu.

"Nyie mnaocheka," alisema Mwalimu Zuhura, msimamizi wa mtihani, "mama yenu amekufa."

Akawaonyesha sindano yao, bado imejaa dawa.

Akatoa uamuzi. Wote wataingia wodini. Ila wiki hii wa simu wakae na makabati hadi wayajue, na wa darasani waache kuitikia kwa pamoja kama kwaya.

Mhariri wangu anataka mshindi mmoja. Sina. Kile kichwa cha habari nimekifuta.

"Jumatatu, saa moja asubuhi, wodi ya wazazi," mwalimu alimalizia. Vichwa vikaitikia.

"Jumatatu, saa moja asubuhi, wodi ya wazazi," alisema Paskalina. "Nitakuwepo."

Emanueli alimtazama kidogo. Kisha naye akarudia.