Lenzi ya Komora na Macho Yangu

Garsen, Alhamisi, 1999

Jua la leo halina huruma, na upepo unatuletea vumbi la ng'ombe wanaoshuka mtoni kunywa. Lakini mimi nina furaha mpaka naona haya. Mume wangu amelala hapa kando yangu, mguu umeshonwa kuanzia kifundo hadi karibu na goti, na anakoroma. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hii.

Ngoja niandike yote, hata lile nililomficha kila mtu.

Siku ya saba ya ndoa yetu, kiboko alimuua jirani yetu shambani kwake, huku upande wa Golbanti. Alimuuma kiunoni mara moja tu. Migomba iliyokuwa karibu ilirukiwa na damu hadi kwenye majani ya juu. Waliomwona kiboko huyo walisema ana sikio lililochanika. Askari wa wanyamapori wakasema hawawezi kuua viboko wote, waonyeshwe ni yupi.

Komora wangu akasema, "Nitampiga picha."

Kamera anayo. Mzungu aliyekuwa akichunguza kima wa msitu wa mtoni, Komora akimwongoza, alimwachia kamera ya dijitali, isiyotumia filamu, iwe zawadi ya harusi. Ila lenzi yake ni ya karibu. Kumpiga picha kiboko kwa lenzi ile ni kumsogelea mpaka mpeane mikono. Nililia. Nikamwambia sikuolewa ili nikae eda.

Basi fungate yetu ikawa safari ya Malindi kutafuta lenzi ya kuvuta!

Dukani kulikuwa na mbili. Moja ndefu, nyeupe, nzuri kama bi harusi. Niliipenda palepale. Lakini mdomo wake haukukubaliana na mdomo wa kamera.

"Zungusha kwa nguvu tu, dada, itazoea," muuzaji akaniambia.

Komora akacheka. "Hii si kiatu, bwana, izoee mguu."

Ya pili ilikuwa fupi zaidi, kuukuu, imechubuka. Ilipoingia ililia *kat*, ikatulia. Kasoro yake ni moja: haijitafutii picha yenyewe. Lazima uizungushe kwa mkono, polepole, mpaka picha iwe wazi, huku umefumba jicho moja. Tukaichukua hiyo.

Sikujua kwamba mtu aliyefumba jicho moja haoni miguu yake.

Jana asubuhi tukashuka mtoni. Kwetu mtu hainami majini peke yake: mmoja akichota, mwingine husimama nyuma kuyaangalia maji. Hata watoto wanajua. Nikasimama juu ya ukingo na pondo refu la kusukumia mtumbwi mkononi. Komora akaingia matopeni hadi kwenye vigimbi vya miguu ili matete yasimzuie kuona. Yule kiboko alikuwa ng'ambo, sikio limepasuka. Kamera ikalia mara tatu.

Kisha maji yakapasuka.

Mamba alimshika mguu akamvuta. Komora alianguka chali, kamera ameiinua juu kama mtoto mchanga, anapiga kelele ambayo bado iko masikioni mwangu. Maji yakawa mekundu. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilimchoma yule mnyama kwa pondo jichoni, nikachoma tena, nikachoma tena, nikimtukana kwa Kipokomo matusi ambayo mama mkwe hatakiwi kujua nayajua. Kitu kikapasuka chini ya pondo. Akamwachia.

Leo kila anayekuja kumjulia hali ananisifu. Wifi yangu kasema, "Kaka yangu ameoa simba." Kila sifa inanichoma.

Kwa sababu sikuwa nikiyaangalia maji. Nilikuwa nikiitazama shingo ya mume wangu.

Mchana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia. Akawasha kamera, akanionyesha kioo kidogo cha nyuma. Kiboko, picha ya kwanza. Kiboko, ya pili. Ya tatu ni mimi. Uso mzima, kila kope inaonekana, nimemkodolea macho kama mjinga.

Aliigeuza lenzi kwangu wakati mamba anakuja.

"Niliona macho yako hayako majini," akasema. "Ilinipasa nikukumbushe. Nikatamani uendelee kidogo."

Nikampiga kofi begani. Kisha nikalia juu ya kifua chake mpaka shati likalowa.

Alasiri hii bunduki imelia mara mbili upande wa mtoni. Picha ile ya pili ndiyo askari waliyoitazama kabla ya kuondoka, na sikio linaonekana wazi. Mke wa marehemu ametuletea papai, akalishika paji la uso la Komora, akaondoka.

Mguu ukipona atarudi mtoni, namjua. Nitarudi naye. Yeye aangalie ng'ambo, mimi niangalie maji.

Kutazamana tutatazamana nyumbani.