Kumvua Bibi Weusi

Mashhad, 10 Mehr

Bibi yangu mpenzi,

Naibusu mikono yako yote miwili. Goti linaendeleaje? Umeanza kufunga kile kitambaa cha sufu, au bado unamwambia shangazi kwamba wazee ndio hufunga magoti? Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwako. Zereshki za mwaka jana, vile vitunda vyako vichachu, zimekwisha. Parvaneh, ninayekaa naye chumbani, anazila kavu kama karanga na hana haya.

Ulisema jambo letu tusiliongee kwenye simu kwa sababu shangazi ana masikio marefu. Basi nimemkabidhi dereva wa basi la Birjand barua hii.

Bibi, mwezi ujao natimiza miaka kumi na minane, na mahakama itatuita. Sitaki Esfandiar anyongwe.

Nimeiandika upesi ili nisiogope. Najua alimpiga baba koleo la kichwa kwa ajili ya zamu ya maji ya shamba, na baba hakuamka tena. Nilikuwa na miaka minne. Hakimu akasema wenye damu, wenye haki ya kuidai au kuisamehe, ni wawili, wewe mama yake na mimi binti yake, na binti ni mtoto, basi hukumu ingoje mpaka akue. Tangu siku hiyo mimi nakua na yeye anangoja ndani. Kila nilipopuliza mishumaa, watu waliniangalia kwa macho fulani. Nilipoota jino la mwisho, jirani alisema, "Haya, anakaribia." Nilidhani anasema mimi nakaribia kuwa mkubwa.

Usikasirike kabla hujanywa chai.

Mjukuu wako,
Delaram


Kijijini, 21 Mehr

Kipande cha ini langu, Delaram,

Salamu kwako na kwa huyo mlafi Parvaneh. Sisi wazima. Goti lina mdomo wake wenyewe siku hizi, linanitabiria mvua kuliko redio. Tumeanza kukata matawi ya zereshki, vidole vyangu vimejaa miiba, ndiyo maana mwandiko umekuwa kama wa kuku.

Chai nilikunywa. Nimekasirika hivyo hivyo.

Mimi ndiye niliyekulea mama yako alipoolewa tena na kwenda zake. Nilikusuka nywele, nikakupeleka Mashhad ukasomee ukunga, na kilichorudi ni haki za binadamu. Mwanangu Yadollah alikuwa mbuzi? Nani aliandamana kwa ajili yake? Aliletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, na chai yake ilikuwa bado mezani.

Unajua desturi yetu. Arubaini ikipita, mkubwa wa familia humletea mfiwa kitambaa cha rangi, humwekea begani, humwambia vua weusi wa msiba. Kaka yangu amekuja na kitambaa mara mbili, na mara mbili nimemrudisha nacho. Nilisema nitavua siku damu ya mwanangu itakapolipwa. Kijiji kizima kinajua.

Na Talaat, mama yake Esfandiar, hapo ng'ambo ya kichochoro, naye kavaa weusi miaka yote hii. Mwanawe yu hai! Anamlilia mtu anayekula na kulala. Nikimwona kwenye foleni ya mkate nageuza uso, maana namwona kama ananiigiza.

Njoo na kitambulisho chako. Tutakaa bega kwa bega mbele ya hakimu, mimi na wewe. Na uvae soksi.

Bibi yako,
Golbanu


Mashhad, 6 Aban

Bibi mpenzi,

Naibusu mikono yako pamoja na miiba yake. Paka mafuta ya uto, yakae usiku mzima, kisha mtu aitoe kwa sindano. Huu ni ushauri wa mkunga mtarajiwa, usiudharau.

Nina la kukuambia. Juma lililopita nilikwenda Birjand na sikupita nyumbani. Nilikwenda mahakamani kuuliza. Karani alikuwa mtu mpole, wa makamo, akanimiminia chai. Akasema, "Binti yangu, siku hiyo wenye damu mnatakiwa kuwapo. Kiti cha chini ya kitanzi mtakisukuma wenyewe, au mtamwachia askari?" Aliuliza vile vile alivyoniuliza nataka vipande vingapi vya sukari.

Nikamwambia bibi yangu ana goti bovu. Akasema, "Basi ni wewe."

Bibi, tangu hapo sili vizuri. Parvaneh anasema wamechukua roho ya mtu, wakaiweka mkononi mwa msichana, kisha wakamwambia ni haki yake. Mimi sijui kubishana kama yeye. Najua tu kwamba Jumamosi nilimpokea mtoto wangu wa kwanza, wa kike, mwenye nywele kama zako kabla hujazeeka, na nilikataa kumweka chini mpaka mkunga mkuu akanicheka.

Wewe unasema damu ilipwe. Sawa. Niambie nisukume kwa mguu upi.

Karani amenieleza na jingine: hata nikisamehe mimi, sheria inakuruhusu uendelee peke yako. Kwa hiyo bila wewe siwezi kumwokoa mtu. Neno ni lako.

Ndani ya kifurushi kuna kitambaa cha bluu. Najua mimi si mkubwa wa familia, na najua utasema nimekiuka desturi. Sijakuletea uvae sasa. Kaa nacho tu. Ukikichukia kishone foronya, lakini usinirudishie, kama ulivyomfanyia babu, kaka yako.

Delaram wako


Mashhad, 2 Azar

Bibi,

Salamu. Natumaini u mzima, maana sijui. Sanduku lilifika. Zereshki, kashki ya maziwa makavu, soksi za sufu jozi tatu. Barua hakuna. Nilimwaga zereshki zote kwenye sinia nikiitafuta, Parvaneh akadhani nimepotewa na pete.

Nikipiga simu shangazi anasema umelala. Saa nne asubuhi umelala, wewe? Tangu lini?

Siku yangu ya kuzaliwa imepita. Barua ya wito imekuja, bila shaka na kwako pia. Nimefikiri sana, na nimeamua hivi. Kiti sitasukuma, wala saini ya kuomba anyongwe sitaweka. Lakini ukitaka kwenda mbele, sitakuacha uende peke yako. Nitakushika mkono kwenye zile ngazi za mahakama, nitakuketisha, na nitangoja nje mpaka utoke. Kisha nitakurudisha nyumbani na kukupikia. Nitabaki mjukuu wako, hata kama sitakuelewa tena.

Ukininunia, ninunie. Ila soksi usiache kutuma.

Wako,
Delaram


Kijijini, 20 Azar

Delaram, ini langu,

Salamu na dua. Goti baya, moyo una nafuu. Nani kasema nimenuna? Nilinuna kidogo.

Miaka yote nikiiwaza siku ile, sikuwahi kuona mguu wa mtu. Niliona kamba tu, kama vile inajifunga yenyewe, na kiti kinaanguka kama kinavyoanguka kwa upepo. Niliona serikali, na serikali haina miguu. Halafu ukaniuliza mguu upi. Miguu hiyo nimeiosha mimi. Wa kushoto una kovu la jiko, nililifunga mwenyewe huku nikilia kuliko wewe. Siku nyingi sikuweza kuandika.

Alhamisi nilichukua kitambaa chako nikavuka kichochoro. Talaat alipofungua akachuchumaa pale pale kizingitini. Alidhani nimekuja kumwambia tarehe.

"Golbanu, umeniletea nini? Sanda?"

"Sanda ya bluu umeiona wapi, mjinga wewe? Simama."

Hakusimama. Basi nikainama na goti langu hili, nikamwekea kitambaa begani. Nikamwambia, "Vua weusi. Wako yu hai."

Alipiga ukelele, majirani wakaja na makoleo wakidhani namuua. Nilikaa, nikanywa chai yake. Bado hajui kupika chai, miaka kumi na minne haikumfundisha kitu.

Kesho yake kaka yangu alinipeleka Birjand. Niliweka saini ya msamaha, na kidole cha wino juu yake. Karani yule mpole alitaka kuniinamia, nikamwambia aache upuuzi. Imebaki saini yako, njoo uiweke.

Usiende kuwatangazia kwamba bibi yako ni malaika. Moyoni sijamsamehe. Akitoka asipite mbele ya mlango wangu, azunguke kwa nyuma. Lakini atazunguka kwa miguu yake, na miguu yako wewe itakuja kwangu Nowruz, mwaka mpya, ikiwa safi.

Mimi bado nimevaa weusi, maana wangu harudi. Bluu imeshashonwa, Talaat anatembea nayo sokoni kama bibi harusi. Ukija niletee kingine, cha kijani, na usiogope wakubwa, begani utaniwekea wewe. Safari hii nunua kizito kidogo. Kile kilikuwa chepesi mno, nilikipima kwa mkono kabla sijakitoa, na nilikitamani.

Bibi yako,
Golbanu